Lori la kemikali likipinduka Mbeya, nani hasa anakuja kusafisha?

Mwenyekiti_Uyole (mwanzisha mada)

Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa upande wa Uyole, na mtaa wetu umekaa ubavuni mwa barabara kuu iendayo Tunduma. Wanaoijua njia hii wanafahamu kinachopita hapa usiku na mchana: matangi ya petroli na dizeli ya kwenda Zambia na Kongo, malori ya salfa ya migodini, na mapipa yaliyofunikwa turubai ambayo sisi wa pembeni hatujui hata yamebeba nini. Mlima Nyoka na mteremko wa Iwambi sina haja ya kuwasimulia.

Msimu wa mvua uliopita lori moja lilipinduka karibu na kalavati letu na kumwaga kimiminika kisicho na rangi, ambacho kilitoa moshi mweupe kilipokutana na maji ya mtaroni. Polisi walifika mapema wakazuia magari. Zimamoto walifika baadaye wakahakikisha kwamba hakuna moto wala mtu aliyebanwa. Lori likanyanyuliwa, barabara ikafunguliwa, kila mtu akashika njia yake. Kile kimiminika kilibaki mtaroni mpaka mvua ilipokuja kukihamisha, na majani ya ukingo ule hayajaota tena hadi leo. Nilipouliza nani alipaswa kukiondoa, kila ofisi niliyoingia ilinielekeza kwenye ofisi nyingine, tena kwa adabu kabisa.

Sikuleta mada hii ili kumlaumu mtu. Ninachotaka kuelewa ni namna miji inavyopanga kazi hii: nani anaitwa kwanza, nani anaamua kwamba eneo ni salama, nani anashika koleo na pampu, huyo anayeshika koleo analipwa na nani, na taka zikishakusanywa zinapelekwa wapi. Mwezi ujao tuna kikao cha kamati ya maafa ya kata, na ningependa kwenda na jambo linalotekelezeka.


Zimamoto_Mstaafu

Pole kwa yaliyowapata, Mwenyekiti. Nimelitumikia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hadi kustaafu, kwa hiyo nitaanza na upande ninaoufahamu. Kudhibiti tukio ni kazi moja na kusafisha ni kazi nyingine, na karibu kila mahali kazi hizo mbili hufanywa na watu tofauti. Mzimamoto huokoa watu, hukabili moto, huziba tundu kama inawezekana, hukinga kimiminika kisifike mtoni, kisha hutenga eneo. Hana mapipa ya kuhifadhia taka hatarishi wala kibali cha kuzisafirisha, na akishamaliza sehemu yake anatakiwa arudi kituoni kwa sababu nyumba inaweza kuungua Mwanjelwa muda huo huo. Kwa hiyo wale walioondoka hapo kwenu hawakukimbia kazi. Waliopaswa kupokea kijiti ndio hawakuwapo.

Kwa mpangilio wetu, simu za kwanza ni 114 kwa zimamoto na 112 kwa polisi. Kama mzigo ni kemikali, inafuata Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo msimamizi wa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 na ndiyo inayotoa vibali vya kusafirisha mizigo hiyo. Kwa upande wa uchafuzi, anayepaswa kujulishwa ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Taasisi zote mbili zina ofisi za kanda hapa hapa Mbeya, hivyo hakuna sababu ya kusubiri mtu atoke Dodoma.

Kitu kinachookoa muda kuliko vyote ni kile kibao cha rangi ya chungwa kinachobandikwa kwenye tangi. Kibao hicho kina namba mbili. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, hutaja bidhaa yenyewe: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1830 ni tindikali ya salfuriki, 1789 ni tindikali ya haidrokloriki, 1689 ni sianidi ya sodiamu, 1017 ni klorini. Namba ya juu hueleza hatari: 33 ni kimiminika kinachoshika moto upesi sana, 80 ni kitu kinachokula ngozi na chuma, na ikitanguliwa na herufi X maana yake ni kwamba bidhaa hiyo hupambana vibaya na maji, kwa hiyo asije mtu akaanza kuimwagia ndoo kwa nia njema. Ukiweza kuzisoma namba hizo kutoka mbali kwa kuvuta kamera ya simu, ukazitaja unapopiga 114, wale vijana watatoka kituoni wakijua kama wanahitaji povu au wanahitaji kukaa mbali na maji.

Msisogee ili kuzisoma. Kwa vimiminika hatarishi vingi, umbali wa kuanzia ni mita 50 kila upande, nanyi mkae upande ambako upepo unatokea na mahali palipoinuka. Petroli ikimwagika kwa wingi, wanaokaa upande ambako upepo unaelekea wafikiriwe kuhamishwa hadi mita 300. Tangi likishika moto, umbali huo unakuwa mita 800. Vipimo hivyo vimo katika kitabu cha mwongozo wa dharura kinachotumiwa na wazimamoto wa Marekani, Kanada na Mexico, ambacho hutolewa bure kwenye mtandao, na sioni kwa nini ofisi ya kata isiwe na nakala.

La mwisho ni madumu. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, na Sachangwan nchini Kenya mwishoni mwa Januari 2009: kila tukio liliua zaidi ya watu 100, na chanzo kilikuwa kile kile cha watu kujazana kuchota mafuta ya tangi lililopinduka. Kama mwenyekiti na mgambo wake wanaweza kufanya jambo moja tu katika nusu saa ya kwanza, basi liwe kuwazuia watu wenye madumu.


Ununuzi_NyandaZaJuu

Ninakubaliana na mzee hapo juu isipokuwa kwa jambo moja. Kujulisha ofisi za kanda ni lazima, lakini ofisi hizo ni wasimamizi: hupima, hutoa amri, hutoza faini. Hazikuundwa kuwa na magari ya kunyonya wala vibarua wenye mavazi ya kujikinga. Nimefanya kazi katika kitengo cha ununuzi cha halmashauri moja ya huku kwetu, na kwa maoni yangu kilichokosekana Uyole ni mkataba ambao ulipaswa kusainiwa kabla lori halijapinduka.

Miji iliyojipanga haitafuti mkandarasi usiku wa tukio. Hutangaza zabuni wakati wa utulivu, kwa ajili ya kazi ambayo haijulikani itatokea lini, wapi, wala kwa ukubwa gani. Mkataba unaopatikana hautaji kazi maalumu. Unachotaja ni viwango: saa moja ya msimamizi ni kiasi gani, saa moja ya mfanyakazi aliyefunzwa ni kiasi gani, gari la kunyonya linatozwaje, pampu isiyoliwa na tindikali inatozwaje, pipa moja tupu, kiroba kimoja cha kifyonzi (kitu cha kufyonza kilichomwagika), kilomita moja ya kusafirisha, na je, usiku na sikukuu bei inapanda kwa kiasi gani. Shirika la Mazingira la Serikali ya Marekani lina mikataba ya dharura ya aina hii iliyogawanywa kwa kanda, ambapo mkandarasi anaitwa na kuanza kazi kwa viwango vilivyokubaliwa mapema, na miji mingi ya huko inafanya vivyo hivyo kwa kiwango chake.

Vifungu vinavyonifanya niuone mkataba mmoja kuwa wa maana na mwingine kuwa karatasi tu ni vichache. Cha kwanza ni muda wa kufika, unaohesabiwa tangu simu ilipopokelewa, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Cha pili ni mtu mwenye mamlaka ya kuita, ambaye lazima atajwe kwa cheo na awe na mbadala wake, kwa sababu nimeshuhudia kazi ikisimama kwa kuwa mwenye sahihi yupo safarini. Cha tatu ni kikomo cha fedha ambacho mwitaji anaweza kukiidhinisha mwenyewe bila kuitisha kikao. Cha nne ni hati ya kufuatilia taka, inayosainiwa na anayezitoa, anayezibeba na anayezipokea, ili pipa lililotoka Uyole lisije likaonekana limetelekezwa porini Chimala.

Hapo kwenye muda wa kufika ndipo sisi wa nyanda za juu tunapopaswa kufikiri kwa akili yetu wenyewe. Kampuni nyingi zenye vifaa na vibali vya taka hatarishi ziko Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Hata mkandarasi mwaminifu hawezi kufika kabla ya siku inayofuata, na mlima wa Kitonga ukiziba ndiyo kabisa. Kwa hiyo ningependekeza kazi igawanywe mara mbili. Mkataba wa kwanza uwe wa mtu wa hapa hapa mwenye kijiko cha kuchimbia, lori la mchanga, viroba, turubai nzito, mapipa ya plastiki na vijana waliofunzwa, ambaye kazi yake ni kuzingira na kukinga tu. Wa pili uwe wa kampuni kubwa, ambayo inakuja kunyonya, kufaulisha kilichobaki, yaani kukihamishia tangi jingine, na kuondoa udongo. Mkataba huu wa pili hauna sababu ya kuwa wa Jiji la Mbeya peke yake. Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa zinakaa kwenye barabara ile ile moja, na zikiungana zinaweza kumshawishi mkandarasi aweke vifaa vyake Makambako, ambapo ni katikati ya njia. Mkandarasi naye anafanya hesabu. Hawezi kuegesha gari la kunyonya kwa ahadi ya kata moja.

Kisheria njia ipo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatambua mikataba ya kuita huduma kadiri inavyohitajika, na inatambua pia ununuzi wa dharura, na zabuni zote siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Wapo wanaosema ununuzi wa dharura unatosha. Kwangu hautoshi. Mkandarasi anayeamshwa saa nane usiku bila mkataba hutaja bei anayoitaka, na mkaguzi atakapokuja mwaka unaofuata, anayejibu ni ofisa aliyesaini, wakati aliyemwaga kemikali ameshavuka mpaka.

Kuhusu nani analipa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasimamia kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayebeba gharama, na inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. Hata hivyo, kanuni hiyo haileti pampu eneo la tukio. Kinachofanyika katika miji mingi ni kwamba mmiliki wa mzigo hupewa nafasi ya kuleta msafishaji wake mwenyewe ndani ya saa chache, na akishindwa, mji unamwita wake, unalipa, kisha unamdai. Ndiyo maana viwango vya mkataba vina thamani hata mahakamani: anayedaiwa hawezi kusema bei ilibuniwa kwa hasira. Agosti 2006 taka za sumu kutoka meli ya Probo Koala zilimwagwa usiku sehemu mbalimbali za jiji la Abidjan, Côte d'Ivoire, na ikabidi kampuni ya Kifaransa, Trédi, iletwe kuzikusanya na kuzipeleka Ufaransa zikateketezwe. Makubaliano ya malipo kati ya serikali na kampuni ya Trafigura, iliyokuwa imeikodi meli ile, yalifikiwa mwaka 2007, ilhali wakazi hawakuweza kusubiri mwaka mpya ili waanze kusafishiwa.


Dereva_Tunduma

Shikamoo mzee mstaafu, na heshima kwako Mwenyekiti. Naomba niongeze upande wa sisi tunaoshika usukani, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba dereva hayupo.

Mtu wa kwanza kujua nini kimemwagika ni dereva, na mara nyingi ndiye wa kwanza kutoweka. Hatoweki kwa ukorofi. Anaogopa kipigo cha wananchi, anaogopa rumande, na wakati mwingine ameumia. Akitoweka anaondoka na hati za mzigo, zikiwamo zile za usalama wa kemikali zinazoeleza kitu kikimwagika kifanyiwe nini na aliyekivuta hewani atibiwe vipi. Mwenyekiti, waambie vijana wako wamchukue dereva na utingo wakae nao mahali salama, wawape maji ya kunywa, wawaulize mambo matatu: umebeba nini, kiasi gani, na hati ziko wapi. Makosa ya barabarani waachieni trafiki.

Halafu kuna jambo la vibao ambalo mzee amelieleza vizuri lakini akalisahau upande mmoja. Kibao kinapaswa kuondolewa au kufunikwa tangi likishaoshwa, na si wote wanaofanya hivyo, kwa hiyo utakuta lori linalorudi tupu bado limevaa namba ya mzigo wa kwenda. Pia ninyi wa pembeni msidhani tangi tupu ni salama. Tangi la petroli lililoshushwa mzigo bado limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Kama mtaa utapata fedha kidogo, nunueni viroba vya mchanga na muviweke jirani na kalavati, si kwenye ofisi ya kata ambayo ufunguo wake hukai nao wewe.


Mwalimu_wa_Kemia

Nimesoma michango yote kwa makini. Mimi ninafundisha sekondari upande wa Rungwe, na ningependa kuongeza machache kuhusu vitu vyenyewe, kwa kuwa uamuzi mbaya katika hatua hii unaweza kumuumiza yule anayesaidia.

Mwenyekiti, moshi mweupe peke yake hautoshi kutaja kilichomwagika kwenu. Tindikali ya haidrokloriki iliyokolea hufuka namna hiyo, na zipo nyingine zinazofuka zikikutana na maji au hata unyevu wa hewa. Majani kufa kunaelekeza kwenye tindikali, lakini hata magadi makali, yaani soda ya kostiki, huua majani vile vile. Bila kipimo tungekuwa tunabahatisha.

Watu wa huku wana mazoea ya kumwaga maranda ya mbao juu ya kila kitu kilichomwagika, kwa sababu kutoka Mufindi hadi hapa maranda ni bure. Kwa dizeli au oili chafu maranda yanafaa. Kwa tindikali ya salfuriki iliyokolea hayafai kabisa, kwani tindikali hiyo hunyonya maji yaliyomo ndani ya mbao, ikapasha joto na kuyageuza kuwa makaa. Na kwa tindikali ya naitriki au kemikali nyingine zinazochochea moto, maranda yanaweza kuwaka yenyewe. Mchanga mkavu au udongo mkavu ndio chaguo lisilokusaliti. Wazimamoto wa Uingereza hubeba kwenye magari yao mifuko ya vifaa iliyotolewa kwa ushirikiano na wakala wa mazingira wa huko, na ndani yake mna mikeka ya kufunika midomo ya mitaro na udongo laini wa kuziba nyufa za tangi. Sisi tuna udongo wa mfinyanzi unaoweza kufanya kazi hiyo hiyo ya kuziba mdomo wa kalavati, ukikandwa na kufunikwa nailoni nzito.

Chokaa nayo inatajwa sana, na Songwe tunayo, lakini watu hawapigi hesabu. Tani moja ya tindikali halisi ya salfuriki inahitaji takriban robo tatu ya tani ya chokaa iliyozimwa ili kuituliza. Lori lenye tani 28 likimwaga zote, unazungumzia chokaa ya tani 21 hivi, pamoja na joto kali linalotoka wakati vitu hivyo viwili vinapokutana, na matope meupe ambayo nayo lazima yakusanywe. Ndiyo sababu wataalamu huanza kwa kuzingira, kisha hunyonya kile kinachoweza kunyonywa na kukiingiza kwenye tangi jingine, na chokaa hubaki kwa ajili ya mabaki yaliyoshikana na ardhi, ikimwagwa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Asiwepo mtu asiye na miwani, glovu ndefu za mpira na gambuti, na suruali iwe nje ya gambuti ili kinachotiririka kisiingie ndani ya kiatu.

Jirani zetu wa Zambia walipata somo hilo kwa kiwango kikubwa. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba lilibomoka katika ukanda wa Copperbelt, maji yenye tindikali yakaingia kwenye vijito vinavyolisha Mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Serikali ilitumia hata ndege kumwaga chokaa mtoni. Kitu kikishafika mtoni, ndege na chokaa hupunguza tu madhara, hakikusanywi tena.

Kwa hiyo ninyi wa kamati mjue maji ya mtaro wenu yanaelekea wapi. Mbeya imekaa juu ya mgawanyiko wa mabonde matatu. Yanayotiririka upande wa Inyala na Igurusi hushuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Ya mjini na Mbalizi huelekea Mto Songwe na Ziwa Rukwa. Ya huku kwetu Rungwe hushuka na Kiwira hadi Ziwa Nyasa. Simu ya kuwaonya watu wa chini inategemea lori limepinduka upande gani wa mlima: Bodi ya Bonde la Rufiji iko Iringa, ya Ziwa Rukwa iko Mbeya. Mamlaka ya maji ya Mbeya nayo ijulishwe mara moja, ili kama kuna chanzo cha maji kilicho chini ya eneo hilo kifungwe kabla, si baada ya watu kulalamikia ladha. Na upanuzi wa barabara ya njia nne unaoendelea kati ya Nsalaga na Ifisi unabadilisha mitaro, hivyo ramani mliyonayo kichwani inaweza kuwa imeshapitwa.


Mwenyekiti_Uyole

Nawashukuru sana, wazee na ndugu zangu, maana nimepata zaidi ya nilichotarajia. Nimeandika mambo ya kupeleka kwenye kikao: orodha ya simu iliyobandikwa ofisini na kwenye vibanda vya bodaboda, viroba vya mchanga na udongo wa mfinyanzi karibu na kalavati, na barua ya kata kwenda kwa mkurugenzi kuomba jiji lifikirie mkataba wa pamoja na wenzetu wa Songwe, Njombe na Iringa. Hilo la mkataba najua si la ngazi yangu, lakini Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imetupa kamati hadi huku chini, na kamati inaweza kuandika barua.

Nimebakiwa na maswali mawili. Mzee wetu mmoja hulima kabichi na viazi chini ya kalavati lile, na anaulizia kama ale, auze, au ang'oe. Na je, udongo wa mtaroni tukiuchota wenyewe sasa hivi tukaupeleka dampo, tutakuwa tumefanya kosa?


Ununuzi_NyandaZaJuu

La udongo ni rahisi kujibu: msiuchote. Udongo uliochanganyika na kemikali hatarishi unahesabiwa kuwa ni taka hatarishi mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na kuubeba kunahitaji kibali. Mkiupeleka dampo la kawaida mtakuwa mmehamisha tatizo kutoka mtaro mmoja hadi mwingine, na safari hii mchafuzi atakuwa ninyi. Andikieni NEMC kanda kwa barua inayopokelewa kwa muhuri, mtaje tarehe ya ajali, namba ya taarifa ya polisi, na namba za usajili wa lori kama mnazo. Malori ya mizigo yana bima, na hata ya kigeni yanayopita hapa huwa na kadi ya njano ya bima ya COMESA, kwa hiyo kuna mtu wa kudaiwa hata kama lori lenyewe liko Ndola, Zambia. Katika miji mingine udongo wenye mafuta huchomwa kwenye matanuru ya saruji yenye kibali, na wenye tindikali hutulizwa kwanza kisha huzikwa katika dampo lililojengwa maalumu, lakini kuchagua njia ni kazi ya mtaalamu baada ya kuona majibu.


Mwalimu_wa_Kemia

Kwa huyo mzee, ninyi hamko mbali na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, ambako kuna wataalamu wa udongo. Kabla ya kwenda huko, mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani anaweza kuwapa karatasi za litimasi: ile ya bluu ikigeuka nyekundu kwenye tope lililolowekwa na maji safi, tindikali bado ipo; ile nyekundu ikigeuka bluu, ni magadi. Hiyo ni dalili tu. Litimasi haioni metali wala sumu nyingine, hivyo mpaka majibu ya maabara yatoke, kabichi zilizomwagiliwa kwa maji ya mtaro ule zisiende sokoni wala jikoni.

Mkichukua sampuli, chukueni sehemu tatu: ukingoni palipokufa majani, shambani kwa mzee, na mahali pengine juu ya kalavati ambapo kimiminika hakikufika, ili kuwe na cha kulinganisha. Chimbeni hadi kama sentimita 20, mtumie mifuko safi ya nailoni, muandike tarehe na mahali juu ya kila mfuko, na mtendaji wa mtaa asaini akiwapo pale pale. Risiti za vipimo mzitunze na kuziweka pamoja na hasara ya kabichi kwenye orodha ya madai, kwa sababu nazo ni gharama iliyoletwa na lori lile.